Mtoto hasemi "sioni": namna ya kukagua macho ya mwanao na kila tatizo linavyotibiwa

Kuna jambo moja ukilishika hili mengine yote utayaelewa. Mtoto mdogo hawezi kukwambia haoni vizuri kwa sababu hajawahi kuona vizuri akajua tofauti, kwake yeye ukungu ndo dunia ilivyo. Na kama jicho moja ni zima na la pili bovu ndo kabisa hutajua, atakimbia, atapanda ngazi, ataokota uzi mwembamba sakafuni, na we utasema huyu macho yake hayana shida yoyote. Kwahiyo usisubiri alalamike, wa kulitafuta tatizo ni wewe mzazi.

Alafu kuna suala la muda, na hapa ndo huwa napiga kelele sana. Jicho linapeleka picha tu, anayeona ni ubongo, na ubongo unajifunza kuona miaka ya mwanzoni, mpaka kama miaka 7 au 8 hivi. Mtu mzima mwenye mtoto wa jicho anaweza akakaa hata miaka miwili, akafanyiwa operesheni, akaona. Kichanga ukimcheleweshea, lenzi yenye ukungu itatolewa, jicho litabaki safi, ila ubongo umeshazoea kutolitumia na hapo hata daktari bingwa hana la kufanya sana. Ile kauli ya "akikua litaisha lenyewe" kwenye macho ya watoto inafaa kwa vitu viwili vitatu tu, nitakutajia huko mbele.

Hatua ya 1: mkague mwenyewe nyumbani

Huhitaji kifaa, unahitaji mwanga, tochi ndogo na mtoto aliyeshiba ambaye hana usingizi.

Anza na anavyotazama. Kwenye wiki 6 mpaka 8 mtoto anatakiwa awe anakukazia macho usoni na kuanza kutabasamu ukimtabasamia. Miezi 3 anafuata kitu kinachosogea. Macho kupishana mara moja moja kabla ya miezi 3 au 4 ni kawaida, misuli bado haijazoeana, hilo ni mojawapo ya yale yanayoisha yenyewe. Ila jicho likiwa limegeuka muda wote, hata kama ana mwezi mmoja, au likiendelea kupishana baada ya miezi 4, hapo mpeleke.

Kipimo cha tochi: kaa naye kama urefu wa mkono, washa tochi katikati ya macho yake kwa mbali kidogo, usimmulike karibu ukamuumiza, alafu tazama vile vinukta vya mwanga vinavyong'aa juu ya mboni. Vinatakiwa vikae sehemu ileile kwa macho yote mawili. Kimoja kikikaa katikati na kingine kimesogea pembeni, hayo ni makengeza. Kuna watoto wengi tu ambao kwa kuangalia unasema ana kengeza kumbe ni pua bado pana na ngozi ya kona ya ndani imefunika weupe wa jicho, hao vinukta vyao vinakaa sawa kabisa, na hiyo inaisha uso ukikua. Hata hivyo ukiwa na wasiwasi daktari aone.

Kipimo cha kufunika hiki mi nakipenda kuliko vyote. Mpe mtoto kitu cha kuchezea anachokipenda, kiwe kidogo, alafu taratibu funika jicho moja kwa kiganja bila kuligusa. Subiri kidogo. Hamishia jicho la pili. Mtoto anayeona sawa macho yote mawili hatajali, au atakasirika sawasawa pande zote. Lakini yule mwenye jicho moja bovu, ukifunika lile bovu ataendelea na mchezo wake kama hujafanya kitu, ukifunika zima anageuza kichwa, anausukuma mkono wako, anachungulia pembeni, analia. Ukiona hivyo rudia siku nyingine akiwa ametulia, ikijirudia usisubiri tena.

Na picha. Piga picha ya uso kwa flashi mtoto akitazama kamera moja kwa moja kwenye chumba chenye giza kidogo. Mboni zote mbili ziking'aa nyekundu ni sawa. Moja ikitoka nyeupe au manjano na nyingine nyekundu, wakati mwingine ni pembe tu ya picha imeleta hivyo, lakini usikae nyumbani kubishana na picha, nenda.

Kwa wakubwa kidogo angalia tabia: anafinya macho akitazama mbali, anainamisha kichwa upande mmoja, anafunga jicho moja juani, anasogelea skrini mpaka pua inagusa, anafikicha macho kutwa, au mwalimu anasema ni mvivu wa kunakili kutoka ubaoni. Huyo wa ubaoni tafadhali apimwe macho kabla hajaadhibiwa.

Hatua ya 2: yajue ya kwenda leo hii, sio kesho

Mboni nyeupe. Hapa kuna vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, unaweza kutokana na kurithi, au mama kuugua rubela akiwa mjamzito, na mara nyingi sababu haijulikani. Ukiwa mzito, operesheni inatakiwa wiki za mwanzo kabisa za maisha, ndani ya kama wiki 6 kama ni jicho moja. Na operesheni sio mwisho, mtoto atahitaji miwani au lenzi ya kuvaa juu ya jicho au ya kuwekwa ndani, na mara nyingi kuzibwa jicho lingine kwa miezi au miaka. Cha pili ni retinoblastoma, kansa ya retina (ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea picha), ambayo karibu watoto wote wanaoipata ni chini ya miaka 5. Ikikutwa ingali ndani ya jicho walio wengi wanapona, kwa dawa za kansa, leza, kugandisha kwa baridi kali, au kulitoa jicho ikiwa imejaa. Najua mzazi akisikia kutoa jicho anamchukua mtoto anaondoka, na anarudi kansa imeshatoka nje ya jicho. Nakuomba sana, mtoto mwenye jicho moja anasoma, anacheza, anazeeka. Na kwa kuwa baadhi wanairithi, ndugu zake wadogo nao wakaguliwe.

Kichanga cha chini ya siku 28 mwenye kope zilizovimba na usaha mwingi. Hayo sio matongotongo ya kawaida. Ikiwa ni bakteria wa kisonono, konea, ile sehemu ya mbele ya jicho iliyo kama kioo, inaweza kutoboka ndani ya siku moja au mbili. Matibabu ni sindano ya antibayotiki hospitali na kusafisha macho mara kwa mara, na kama ni klamidia, bakteria mwingine wa zinaa, anapewa dawa ya kunywa maana ya kupaka haitoshi. Wazazi wote wawili wanatibiwa, hakuna haja ya kulaumiana pale wodini. Kinga ni dawa ya kupaka machoni mara tu mtoto anapozaliwa, uliza kama mwanao amepakwa.

Macho makubwa, yenye ukungu wa bluu au kijivu, yanayotoa machozi na kukimbia mwanga. Watu watasifia mtoto ana macho makubwa mazuri kumbe ni glakoma, presha ndani ya jicho inalitanua. Inatibiwa kwa operesheni ya kufungua njia ya maji ya jicho, matone ni ya kushikilia tu wakati anasubiri.

Kope imevimba na homa ipo, jicho linachomoza au linauma likizungushwa. Hayo ni maambukizi nyuma ya jicho, mara nyingi yametokea kwenye sainasi (vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso), anahitaji kulazwa na antibayotiki za mshipa maana yanaweza kusambaa mpaka kwenye ubongo.

Kemikali ikiingia, iwe sabuni kali, chokaa, simenti au dawa ya kufanyia usafi, osha hapohapo kwa maji safi mengi, mfungue kope hata kama analia, dakika 30 bila kusimama, ndo uende hospitali. Usianze na safari. Ila jicho likichomwa na kitu chenye ncha ni kinyume chake kabisa: usioshe, usichomoe, usibonyeze, funika kwa kitu kigumu kama kikombe cha karatasi kisichogusa jicho na usimpe chakula maana anaweza kuhitaji nusu kaputi.

Hatua ya 3: wekundu, machozi na matongotongo

Hapa ndo wazazi wengi wapo, na ndo kwenye makosa mengi ya dawa.

Kichanga ambaye jicho sio jekundu, halijavimba, ila linatoa machozi muda wote na tongotongo la kunata asubuhi, mara nyingi njia ya machozi kwenda puani haijafunguka. Hili ni lile la pili linaloisha lenyewe, karibu watoto 9 kati ya 10 linakuwa limeisha wakifika mwaka mmoja. Kazi yako ni kumkanda. Kata kucha, osha mikono, weka ncha ya kidole kidogo kwenye ile kona ya ndani ya jicho palipo na mfupa wa pua, bonyeza kiasi, alafu telezesha kushuka chini kufuata ubavu wa pua, mara 5 hadi 10, asubuhi na jioni au kila unapomnyonyesha. Ukiona kausaha kametoka kwenye kona ujue umeshika penyewe. Ikipita mwaka bado, daktari anapitisha kijiti chembamba cha chuma kufungua njia, ni shughuli ya dakika chache. Ila uvimbe mwekundu ukitokea pale kwenye kona, hapo acha kukanda nenda hospitali.

Macho mekundu ya kuambukizana: ya virusi yanatoa majimaji, yanaanza jicho moja yanahamia la pili, mara nyingi na mafua juu, na yanaisha ndani ya wiki moja au mbili bila antibayotiki. Kitambaa safi cha maji ya baridi, taulo lake peke yake, kunawa mikono, basi. Ya bakteria yanatoa usaha wa njano unaogandisha kope, hayo antibayotiki ya matone au ya kupaka inayasaidia kuisha haraka. Ukiona jicho linauma kweli, linakimbia mwanga, limeingia doa jeupe, au kuona kumepungua, hayo sio macho mekundu ya kawaida hata jirani aseme nini.

Maziwa ya mama, mkojo, asali, majani ya kukamua, hivi vyote usiweke jichoni. Watoto wanapata vidonda vya konea kwa sababu hiyo, na kovu lake halifutiki.

Aleji yenyewe utaijua kwa kuwasha. Mtoto anafikicha mpaka kope zinakuwa nyeusi, macho yanakuwa na rangi ya udongo, kuna ute unaovutika kama uzi. Inawapata sana wavulana, na ile kali inaweza kurudirudi miaka mpaka abalehe. Matibabu ni kitambaa baridi, kupunguza vumbi, na matone ya aleji anayotumia kila siku hata siku asizowashwa. Sasa hapa nisikilize vizuri. Kuna matone ya steroidi, ukiweka leo kesho jicho jeupe peee, mtoto amelala, mzazi amefurahi, dawa ikiisha anaenda dukani na kichupa kuomba kingine kama kile, miezi inapita. Steroidi ikitumika muda mrefu bila kupimwa inapandisha presha ya jicho taratibu bila maumivu na inaleta mtoto wa jicho. Nimewaona kliniki, wanakuja na macho meupe mazuri na mshipa wa kuonea umeshakufa. Steroidi daktari anaweza kuiandika kwa siku chache na ina kazi yake, ila kichupa kikiisha anayeamua ni yeye baada ya kupima presha, sio wewe wala muuza dawa. Kila ukiandikiwa matone uliza: hii ina steroidi? niache lini?

Chokea, kale kajipu ka kwenye kope, kakande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10 mara 3 au 4 kwa siku. Usikatumbue.

Hatua ya 4: kipimo cha miwani

Mtoto hapimwi kama mtu mzima. Anawekewa matone ya kupanua mboni ambayo yanalegeza ile misuli ya kulenga, maana watoto wana nguvu kubwa ya kulenga na bila dawa wanadanganya kipimo bila kujua. Matone yanachoma kidogo, atakuwa na ukungu wa karibu na atakimbia mwanga kwa saa kadhaa mpaka kesho yake, mvalishe kofia mrudi nyumbani. Kipimo cha haraka cha mtoto bila matone, mi sikiamini. Na asiyejua kusoma anapimika, hata wa miezi miwili, daktari anasoma mwanga unaorudi kutoka ndani ya jicho.

Miwani haiharibu macho na haimzoeshi mtoto uvivu. Akiandikiwa ya kuvaa muda wote ni muda wote, sio shuleni tu. Ikimbana au ikiteleza hatavaa, kwahiyo rudi irekebishwe, na ukiona anachungulia juu ya fremu mara kwa mara inawezekana haijamkaa au namba, yaani nguvu ya lenzi, sio yake.

Kwa kutoona mbali ambako kunaongezeka kila mwaka, kucheza nje kwenye mwanga wa mchana kama saa 2 kwa siku kunasaidia kuchelewesha tatizo kuanza. Wengine wanapewa matone ya atropini ya nguvu ndogo usiku ili namba isikimbie.

Hatua ya 5: jicho vivu na makengeza

Jicho vivu ni lile ambalo kwa nje zima, ndani zima, ila ubongo umeliacha, labda kwa sababu limegeuka, au namba yake ni kubwa kuliko ya mwenzake, au kuna kitu kililiziba. Linawapata kama watoto 2 hadi 4 katika kila 100, kwahiyo sio jambo la nadra.

Kwanza miwani. Avae kikamilifu miezi 3 hadi 4 hivi, wapo ambao kwa miwani tu jicho linapanda lenyewe. Lisipofika, ndo linazibwa lile zima. Ndiyo, zima, ili bovu lilazimike kufanya kazi. Tatizo la wastani wanaanza na saa 2 kwa siku, kubwa ni hadi saa 6, daktari ndo anapanga.

Kwenye karatasi rahisi, nyumbani ni vita. Umemziba mtoto wa miaka 4 jicho analoonea, sasa anaona ukungu, lazima atakibandua kile kiraka cha kuzibia. Mambo yanayosaidia: bandika kiraka juu ya ngozi yenyewe sio juu ya kioo cha miwani, maana atachungulia pembeni, alafu miwani inakaa juu yake. Chagua muda maalum usiobadilika kila siku, asiwe na njaa wala usingizi. Saa hizo mpe kazi ya karibu inayomvutia, kuchora, kutunga shanga, katuni ambayo inaruhusiwa wakati wa kiraka tu. Mzibe na mwanasesere wake pia. Kwa wasioweza kabisa kuna atropini, tone kwenye jicho zima siku mbili za wikendi, linalitia ukungu wa karibu, na kwa tatizo la wastani inafanya kazi vizuri tu sawa na kiraka. Usiache ghafla jicho likipanda, karibu robo ya watoto linawarudia wakiacha, inapunguzwa taratibu. Na usikose miadi, maana kuziba kupita kiasi kunaweza kulishusha lile zima.

Akiwa na miaka 10 au 12 usikate tamaa, wengine bado wanapata nafuu, ila kabla ya 7 ndo inakubali zaidi.

Makengeza mengine yananyooka kwa miwani peke yake, hasa ya kuingia ndani kwa mtoto anayeona mbali kuliko karibu. Ukimvua yanarudi, hiyo haina maana miwani imeshindwa, ndo ushahidi inafanya kazi. Yasiyokubali yanafanyiwa operesheni ya misuli, jicho halitolewi nje wala halifunguliwi, wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo, na baadhi wanahitaji kurudiwa. Jicho vivu linatibiwa kwanza mara nyingi, kwa sababu operesheni inanyoosha jicho tu, haileti kuona.

Kope iliyoanguka ikifunika mboni nayo inaleta jicho vivu, hiyo isisubiri urembo wa ukubwani.

Hatua ya 6: wanaotakiwa kupimwa hata kama hawana dalili

Njiti, aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya gramu 1500, anakaguliwa retina kama wiki 4 baada ya kuzaliwa, mishipa yake haijakomaa na inaweza kuota vibaya ikavuta retina ikabanduka. Leza au sindano ikifanyika kwa wakati inaokoa, dirisha lake ni la siku sio miezi. Muulize daktari wa wodi kabla hamjaruhusiwa: ameshaonwa macho? lini tena? Wengine ni wenye dauni sindromu, na ambao mzazi au ndugu ana kengeza, glakoma au alivaa miwani ya namba kubwa udogoni.

Mtoto mwenye utapiamlo au aliyeugua surua, akijikwaa jioni giza likiingia au ukiona mabaka yenye povu kwenye weupe wa jicho, amepungukiwa vitamini A. Anatibiwa kituoni kwa dozi kubwa leo, kesho, na baada ya wiki mbili, haraka, kabla konea haijayeyuka. Usimnunulie vidonge ukampa mwenyewe, ikizidi nayo ni sumu.

Hatua ya 7: kumwekea matone bila kupigana

Nawa mikono. Mlaze chali, mwambie afumbe macho tu, usimlazimishe kufumbua. Dondosha tone moja kwenye kona ya ndani karibu na pua, alafu mwambie afumbue au subiri apepese, dawa itaingia yenyewe. Bonyeza ile kona kwa kidole dakika moja ili isishuke puani, hii kwa atropini ni muhimu sana, akiwa mwekundu usoni, ana homa na moyo unamwenda mbio baada ya atropini acha nenda hospitali. Dawa mbili tofauti zipishane dakika 5, ya kupaka iwe ya mwisho. Ncha ya kichupa isiguse kope. Andika tarehe uliyokifungua kwa kalamu pale kwenye lebo, vingi vinatakiwa kutupwa wiki 4 baadaye hata kama dawa imebaki, na kila mtoto kichupa chake.